Anayeanza ufundi wa kukausha wanyama aanze na kuku, siyo na chui

Tunduma ni mji wa malori. Shaba ya Zambia na ya Kongo hupita hapo ikielekea bandari ya Dar es Salaam, na mafuta, mbolea na bidhaa za dukani hurudi kwa barabara ile ile ya TANZAM au kwa reli ya TAZARA. Tangu kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kizinduliwe Oktoba 2019, mfanyabiashara wa mpakani amepata sababu moja zaidi ya kuamini kwamba kila kinachoweza kufungwa kwenye kasha kina mnunuzi upande wa pili.

Ipo biashara moja ambayo mwekezaji mdogo wa Mkoa wa Songwe anaweza kuitupia jicho lakini haijapigiwa hesabu ya kutosha: ufundi wa kukausha wanyama. Ni kazi ya kuchuna ngozi ya mnyama au ndege, kuitia chumvi na dawa isioze, kisha kuivisha umbo lililochongwa hadi aonekane kama yu hai. Kichwa cha nyati ukutani, samaki aliyebandikwa kwenye ubao, ndege ndani ya kabati la kioo la shule, vyote hivyo ni kazi ya fundi huyu. Wenye kazi yao huko nje huiita taksidemia. Katika sheria za Tanzania, kitu chochote kinachotokana na mnyamapori huitwa nyara, na neno hilo ndilo mwanzo wa faida na pia mwanzo wa balaa.

Kijana mwenye mtaji mdogo na asiyeijua kazi anaanzia wapi, inamgharimu nini, na nani atanunua?

FAIDA INAVUKA MPAKA MBICHI

Kwanza itazamwe njia ya fedha. Mwindaji wa kitalii anayekuja Tanzania, ambako msimu huanza Julai 1, hulipa ada kwa serikali kwa kila mnyama na huilipa kampuni iliyomleta. Mnyama akishapigwa, ngozi huchunwa, hutiwa chumvi na kukaushwa, pembe na fuvu huchemshwa na kusafishwa, dawa ya wadudu hupigwa, na vyote hufungwa kwenye kasha pamoja na karatasi zake. Hapo kazi ya Tanzania inaishia. Kumvisha mnyama umbo, kumtia macho na kumrudishia sura, kazi ambayo ndiyo yenye malipo makubwa ya ufundi, hufanywa kwa sehemu kubwa Marekani, Ulaya na Afrika Kusini.

Ni habari ile ile ya pamba na korosho. Kinachovuka ni malighafi, na ujira wa mkono unabaki kwa mwingine.

Kwa hiyo hoja ya mtu anayesema ufundi huu ufanyike nyumbani ina mantiki. Bonde la Ziwa Rukwa lina mapori ya akiba, yakiwemo Rukwa na Lukwati, na ng'ambo ya mpaka Zambia nayo ni nchi ya uwindaji. Malighafi ipo pande zote mbili. Kasoro ya hoja hiyo ni kwamba inaanzia mwisho wa kazi. Hakuna mwindaji aliyelipa maelfu ya dola kwa simba mmoja atakayemkabidhi ngozi fundi ambaye hajawahi kushona hata shingo ya kuku bila mshono kuonekana. Mteja huyo ni wa mwaka wa saba au wa nane wa kazi, siyo wa mwezi wa kwanza.

KARATASI KABLA YA KISU

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 inasema wazi kwamba nyara ni mali ya serikali mpaka mtu aonyeshe kibali kinachompa haki ya kuwa nayo. Anayetaka kununua, kuuza au kutengeneza nyara kama biashara sharti awe na leseni. Anayekutwa na nyara bila kibali ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha kwamba aliipata kihalali. Mwenye mashtaka hana kazi ya kumtafutia maelezo. Kesi hizi hufunguliwa kama za uhujumu uchumi, na mahakama za nchi hii zimeshawafunga watu miaka 20 kwa vipande vya meno ya tembo au ngozi ambavyo walikuwa wakitafutia mnunuzi.

Mfanyabiashara aisome tena sentensi hiyo kwa jicho la hesabu. Ngozi ya chui inayoletwa usiku kwa bei ya kutupa siyo mali ya bei nafuu, ni deni la miaka 20. Na Tunduma, kwa kuwa ni mji wa kupita, ni mahali ambapo mtu asiyejulikana anaweza kuja na mzigo asiotaka kuulizwa umetoka wapi. Fundi anayejulikana mtaani kuwa "anakausha wanyama" ndiye wa kwanza kufuatwa na mtu wa namna hiyo. Na yeye pia, akipokea, ndiye wa kwanza kufuatwa na askari wa wanyamapori.

Mtego mwingine uko barabarani. Barabara ya TANZAM inakatiza Hifadhi ya Mikumi, na magari hugonga wanyama humo. Dereva akidhani kwamba swala aliyegongwa hana mwenyewe, amekosea. Aliyegongwa na gari, aliyeliwa nusu na fisi, aliyekufa kwa kiu, wote bado ni mali ya serikali. Hali ni hiyo hiyo kwa ndege wa porini. Njiwa pori aliyepigwa kwa manati, na kanga aliyenaswa kwa tanzi, si vifaa vya kujifunzia.

Kwa sababu hiyo darasa la anayeanza ni banda la kuku na machinjio. Kuku wa kufugwa, mbuzi na ng'ombe si nyara. Wana risiti ya mnadani, wana muhuri wa mkaguzi wa nyama, na hakuna anayefungwa kwa kuwa na kichwa cha beberu ukutani.

KUKU WA KWANZA

Uchaguzi wa ndege wa kwanza una siri zake. Bata anapendeza lakini ngozi yake ina mafuta mengi, na mafuta yasipokwanguliwa yote huja kuchuruzika baada ya miezi na kuchafua manyoya. Njiwa wa kufugwa ana ngozi nyembamba na manyoya yanayonyofoka kwa kuguswa tu. Jogoo mkubwa ana upanga na ndevu ambazo hunyauka zikikauka, na fundi hulazimika kuzitengeneza upya kwa nta au plasta. Anayefaa ni mtetea wa kienyeji aliyekomaa, mwenye upanga mdogo na manyoya kamili.

Kabla ya kuchuna, vipimo huandikwa: urefu kutoka mdomo hadi mkia, unene wa shingo, mzunguko wa kifua, umbali kutoka jicho hadi pua. Picha hupigwa pande zote, na simu ya kawaida inatosha. Watu wengi wanaoharibu kazi huiharibia hapa, maana ngozi ikishatoka haina umbo, na kichwa cha binadamu husahau haraka shingo ya kuku ilikuwa nene kiasi gani.

Kuku huyu akichinjwa kwa kisu shingoni, kama inavyofanyika karibu kila nyumba, damu itachafua manyoya. Yaoshwe mara moja kwa maji baridi, kwa kuwa maji ya moto huigandisha damu. Kisha ngozi hupasuliwa kwa mstari mmoja kutoka kifuani kwenda chini, bila kufika tumboni ndani, na kutenganishwa na nyama kwa vidole zaidi kuliko kwa wembe. Unga wa mahindi hunyunyizwa kila hatua ili unyonye majimaji na kuzuia vidole kuteleza. Mafundi wa Ulaya na Marekani nao hutumia unga huo huo, na katika mkoa unaolima mahindi kama Songwe hiyo ni gharama isiyotisha. Mifupa ya mabawa na miguu huachwa, fuvu huachwa baada ya kutolewa ubongo na macho, na mwili mzima hutoka kama mkono unavyotoka kwenye glovu.

Mwili huo, kama hakuna dawa iliyotumika bado, unaingia chunguni. Hii siyo mzaha. Ni sehemu ya hesabu, kwa kuwa kuku wa kujifunzia aliyeliwa amekwisha kurudisha sehemu kubwa ya bei yake.

Ngozi husafishwa kwa maji na sabuni, hukaushwa kwa upepo huku manyoya yakipepewa mpaka yasimame, kisha upande wa ndani hupakwa boraksi. Unga huu mweupe umechukua nafasi ya sabuni ya aseniki iliyotumiwa na mafundi wa zamani. Aseniki ni sumu kali, na vielelezo vya zamani vya makumbusho mbalimbali duniani bado vina sumu hiyo ndani ya manyoya. Anayeletewa ndege wa kale kurekebisha avae glovu na kuziba pua.

Mwili wa bandia hutengenezwa kwa nyasi kavu au randa za mbao zilizofungwa kwa uzi mpaka zifikie vipimo vilivyoandikwa. Waya hupitishwa miguuni, mabawani na shingoni. Macho ya kioo hutiwa, ngozi huvishwa, mshono hufungwa, manyoya hupangwa unyoya mmoja mmoja na kushikizwa kwa pini na karatasi. Baada ya hapo hakuna kazi ila kungoja wiki 2 hadi 4. Ndege wa kwanza atafanana na mto uliokaliwa. Wa tano ataanza kufanana na kuku. Fundi asiuze yeyote kabla ya huyo wa tano.

CHUMVI NI MTAJI

Kwa wanyama wenye manyoya mafupi, kama mbuzi na ng'ombe, kazi inasimama au kuanguka kwenye chumvi. Mnyama akishakufa, vijidudu vya kuoza huanza kazi kwenye mizizi ya manyoya. Vikitangulia chumvi, manyoya hunyonyoka kwa mafungu, na hakuna dawa ya kuyarudisha. Ngozi ya namna hiyo inaweza kufaa kwa viatu lakini kwa fundi huyu imekufa mara ya pili.

Kwa hiyo ngozi hukwanguliwa nyama na mafuta yote, midomo na kope hupasuliwa kwa ndani, masikio hugeuzwa kama soksi hadi kwenye ncha, halafu chumvi laini husuguliwa kila pembe. Kipimo cha chini ni chumvi ya nusu ya uzito wa ngozi mbichi, na ikifika uzito sawa ni bora zaidi. Baada ya saa 24 chumvi iliyolowa hukung'utwa na kutupwa, na mpya hutiwa. Ngozi huanikwa kivulini penye upepo. Jua kali huipika ngozi, ikawa ngumu kama ubao na kukataa dawa baadaye.

Hapa Songwe ina bahati yake. Ivuna, katika Wilaya ya Momba, ni eneo la chumvi la tangu kale. Wachimbuaji wa mambo ya kale waliofika huko katika miaka ya 1960 walikuta ushahidi wa watu kutengeneza chumvi kwa karne nyingi. Kazi ya ngozi haihitaji chumvi ya mezani yenye madini joto. Chumvi ghafi iliyosagwa laini na isiyo na uchafu inatosha. Anayenunua kwa gunia badala ya pakiti za dukani ameanza kupunguza gharama kabla hajashika kisu.

Hali ya hewa nayo ni kipengele cha hesabu. Bonde la Rukwa liko chini na lina joto. Nyanda za Mbozi na Tunduma ziko juu na zina baridi. Ngozi iliyochunwa Kamsamba saa nne asubuhi haina muda wa kupanda lori hadi Tunduma bila chumvi, wakati ile iliyochunwa Vwawa alfajiri ya Juni inaweza kungoja kidogo. Mvua za mkoa huu huanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Aprili. Miezi hiyo unyevu huchelewesha kukauka na kuleta ukungu, kwa hiyo ngozi nyingi zipangwe kwa kiangazi.

Baada ya kukauka, ngozi hulowekwa tena, huwekwa kwenye maji ya chumvi na asidi nyepesi, hukwanguliwa hadi iwe nyembamba, hutiwa shabu na kupakwa mafuta. Ndipo huvishwa umbo. Umbo hilo ndilo linalotofautisha fundi na mjazaji. Zamani ngozi zilijazwa majani makavu mpaka zikavimba. Mmarekani Carl Akeley, aliyefariki mwaka 1926 katika Kongo wakati akikusanya sokwe kwa ajili ya makumbusho ya New York, alikuwa miongoni mwa walioibadili kazi hii kwa kuchonga kwanza misuli na mifupa ya mnyama kama mchongaji wa sanamu, kisha kuivisha ngozi juu yake. Kijana anayejua kuchonga kinyago ana nusu ya kazi mkononi tayari.

Mkato wa kwanza hausahihishwi. Simba wawili wa Tsavo waliokula wajenzi wa reli mwaka 1898 walichunwa ili wawe mazulia, na wakakaa sakafuni miaka 25. Makumbusho ya Field ya Chicago yalipowanunua mwaka 1924 kwa dola 5,000, mafundi waliwavisha umbo kwa ngozi iliyokwisha kupunguzwa, na ndiyo maana simba wanaoonekana huko leo ni wadogo kuliko walivyokuwa hai. Aliyekata kwa ajili ya zulia alimfunga mikono fundi wa baadaye.

HESABU YA KARANI

Bei hutofautiana kwa mji na kwa msimu, kwa hiyo tarakimu zifuatazo ni za mfano tu, na kila mmoja aweke zake. Tuseme kuku amenunuliwa Sh 20,000. Boraksi, waya, uzi na ubao wa kusimamia Sh 15,000. Macho ya kioo, ambayo mara nyingi huagizwa nje, Sh 10,000. Jumla Sh 45,000. Kazi ya mikono ni siku 3, na tuseme kibarua wa mjini analipwa Sh 10,000 kwa siku, yaani Sh 30,000. Gharama kamili ni Sh 75,000. Mteja akitoa Sh 60,000, fundi atarudi nyumbani akidhani amepata faida ya Sh 15,000, kumbe amejilipa nusu ya ujira wa kibarua. Kosa la kutohesabu mikono yako mwenyewe limeua karakana nyingi za useremala na ushonaji, na hili halitakuwa tofauti.

Kwa mbuzi hesabu ni nzuri zaidi kwa sababu nyama inalipa gharama ya mnyama. Mwenye bucha ananunua mbuzi mzima, anauza nyama, na fundi anachukua ngozi ya kichwa na shingo pamoja na pembe. Ugumu ni supu. Kichwa cha mbuzi kina mnunuzi wake wa kila asubuhi, na huchomwa manyoya kikiwa na ngozi. Fundi atalazimika kumlipa mwenye bucha bei ya kichwa, na pia kumshawishi asipitishe kisu cha kuchinjia mahali patakapoonekana. Makubaliano hayo yafanywe kabla mbuzi hajaangushwa.

Jambo linalosahauliwa zaidi ni muda. Kichwa cha mbuzi kinaweza kuchukua miezi 2 au 3 kutoka chumvi ya kwanza hadi kupaka rangi puani. Mwenye mtaji wa kuuza nguo za mitumba huuzungusha mara kadhaa katika muda huo. Mtaji wa fundi huyu umelala kwenye chumvi. Kwa hiyo asianze kwa mkopo wa kurejesha kila wiki, na asikubali kazi ya mteja bila malipo ya awali ya nusu ya bei.

NANI ANANUNUA

Soko la nyumbani lipo lakini ni jembamba. Shule za sekondari zinafundisha baiolojia, na kielelezo cha ndege au mifupa iliyounganishwa hutumika miaka mingi. Baa za nyama choma, nyumba za wageni na mahoteli ya barabara kuu hupenda kichwa cha beberu au fahali chenye pembe nzuri. Wafugaji wa madume ya mbegu wanaweza kutaka kumbukumbu ya dume lao. Zulia la ngozi ya ng'ombe yenye manyoya yake, kazi inayohitaji nusu tu ya ufundi huu, pengine ndiyo bidhaa itakayolipa kodi ya chumba wakati fundi akijifunza mengine.

Upo pia upande wa sanamu zisizo na ngozi kabisa. Tembo Ahmed wa Marsabit, aliyelindwa kwa amri ya Rais wa Kenya na kufa mwaka 1974, ana mfano wake wa ukubwa kamili kwenye Makumbusho ya Taifa ya Nairobi, uliotengenezwa kwa nyuzi za kioo. Sanamu kama hiyo haihitaji leseni ya nyara, na mikono inayotakiwa ni ile ile.

Anayelenga nyara za wawindaji ajue kuwa soko hilo hufungwa kwa tangazo moja. Karakana ya Zimmermann ya Nairobi ilitengeneza nyara za wawindaji wa Afrika Mashariki kwa miaka mingi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na mwaka uliofuata ikafunga biashara ya bidhaa za nyara. Leo Zimmerman ni jina la mtaa wa nyumba za kupanga upande wa barabara ya Thika. Tanzania yenyewe ilifunga uwindaji mwaka 1973 na kuufungua 1978. Zambia iliusimamisha Januari 2013 na kuanza kuurudisha mwaka 2014. Mwaka huo huo wa 2014 Marekani ilisimamisha kuingizwa nyara za tembo kutoka Tanzania, na walioathirika hawakuulizwa. Karakana yenye mteja wa aina moja imewekeza kwenye kalamu ya mtu mwingine.

MNYAMA ALIYEJIFIA

Onyo moja halina bei. Mnyama aliyekufa mwenyewe asichunwe, hata awe mzuri namna gani. Kimeta huishi kwenye damu na ngozi, na mbegu zake hudumu udongoni miaka mingi. Mwaka 2011, katika Wilaya ya Chama, kaskazini mashariki mwa Zambia, mamia ya watu walishukiwa kuugua kimeta baada ya kugusa au kula viboko waliokufa. Mchunaji wa ngozi ni mtu wa mstari wa mbele katika ugonjwa huu, akifuatiwa na anayekung'uta ngozi kavu na kuvuta vumbi lake. Mnyama wa kujifunzia apite kwa mkaguzi wa nyama kama wanavyopita wengine.

PA KUJIFUNZIA

Aliye makini anaweza kugawa masomo. Usindikaji wa ngozi, ambao ni nusu ngumu ya kazi, hufundishwa katika Kampasi ya Mwanza ya Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, iliyokuwa zamani chuo cha teknolojia ya ngozi. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, lina mafunzo na ushauri kwa wasindikaji wadogo kupitia ofisi zake za mikoa. Uchongaji unapatikana kwa fundi yeyote wa vinyago. Sehemu inayobaki, ya kuunganisha ngozi na umbo, hujifunzwa kwa kumtazama mnyama hai kwa muda mrefu. Mbuzi wa jirani hatozi kiingilio.

Masuala ya leseni ya nyara, kwa atakayefika huko, ni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA, iliyoanza kazi mwaka 2016. Nyara ya mnyama aliyemo kwenye orodha za mkataba wa CITES huhitaji kibali cha mkataba huo ili ivuke, na afisa wa forodha hatakubali ahadi kwamba karatasi inakuja.

Hata kichwa cha beberu wa Mbozi, kilichokaushwa vizuri na kupata mteja Nakonde, hakivuki kama boksi la sabuni. Ni zao la mifugo, na afisa mifugo wa mpakani anaweza kudai cheti cha afya kabla geti halijafunguliwa. Anayeahidi kupeleka mzigo Jumatatu afike kwa daktari wa mifugo Ijumaa.